Nyanya Katika Chupa za Kasiksi

Asubuhi moja ya kiangazi niliamka Bunyakiri, nikanawa uso, nikaenda kutazama lori lililosimama barabarani, na jioni nikajikuta Bagira, pembeni mwa mji. Msiniulize nilikuwa na mpango gani. Shule nilikwisha kuiacha nikiwa darasa la tano. Si kwamba nilikosa akili. Mwalimu alitazama ubao, mimi nikatazama dirisha, na dirishani kulikuwa na mambo mengi zaidi. Lori lile lilibeba mikungu ya ndizi na mapipa ya mafuta ya mawese. Nilitaka tu kujua mapipa yanafungwaje yasivuje njiani.

"Kama unataka kujua, panda uyashike," dereva aliniambia.

Nikapanda, nikayashika. Jibu nililipata kabla hatujafika mbali: hayafungwi vizuri, yanavuja. Nilishuka Bagira suruali ikimeta kama kikaango, kwa sababu tairi lilipasuka na mimi nilitaka kuona linavyozibwa. Nikiwa nimeinama pale, akapita mama mmoja mnene na beseni la nyanya kichwani, na jingine kiunoni.

"Kijana, unatazama nini?"

"Tairi, Maman."

"Tairi iko imekufa. Hizi tomati bado ziko na uhai, lakini kesho nazo zitakufa. Uko na mikono?"

Nilikuwa nayo. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuhifadhi matunda na mboga majumbani mwa watu, kazi iliyonilisha mpaka meno yakaanza kuniaga. Ninyi vijana mnaotoboa kopo kwa kisu mkidhani nyanya huota humo ndani, kaeni kidogo.

Mama yule aliitwa Maman Nsimire. Alikuwa mjane, na ujanani aliwahi kupika kwa masista, ambako alijifunza kuweka kila kitu ndani ya chupa. Baada ya mumewe kufa aliwalea watoto wake kwa kitu kingine, nacho pia kilikaa ndani ya chupa: kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kasiksi yake ilijulikana kutoka Bagira mpaka mjini. Watu walishuka kwenye minibasi kituo kimoja kabla ya nyumba zao ili wapite kwake kwanza.

Shida yake alinieleza kabla maji hayajachemka. Binti yake Furaha alikuwa amechumbiwa na fundi seremala wa Nyantende, kijana mtaratibu, na ukoo wa kijana ulikuwa wa kanisa lisilogusa pombe hata kwa kuitazama. Neno la mwisho lilikuwa la shangazi zake wawili. Mkubwa wao alikuwa Maman Esther. Miaka ile Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, sote tuitwe kwa majina ya mababu, lakini sikuona mtu aliyethubutu kumwita Maman Esther jina jingine, hata shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa. Naye Maman Esther alikuwa ametuma neno: "Hatuoi kwenye nyumba ya kasiksi."

Maman Nsimire akaacha kupika kasiksi siku ileile. Wateja walilia, mmoja akaja na mchungaji kumwombea abadili nia, ingawa hakumweleza mchungaji nia yenyewe ni ipi. Yeye akakaza. Ila chupa zake ndizo zilizombakia, rundo la chupa za bia nyuma ya nyumba, na mtaa mzima ulizijua chupa zile.

"Nizitupe, watasema nimezificha," aliniambia. "Nitazijaza tomati na jus ya marakuja, nizipange salon kwa bageni, kila mutu azione. Bale mashangazi bakuje bakute chupa zilezile, ziko na kitu kingine ndani. Unaelewa?"

"Nimeelewa, Maman. Lakini kwa nini hutumii chupa mpya?"

"Zitatoka wapi? Weye umeleta?"

Basi tukaanza, nyanya kwanza, kisha marakuja, ambayo ninyi huyaita mapasheni. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kazi.

Nyanya ya kuhifadhi huchaguliwa kwa kidole na siyo kwa macho. Macho hupenda nyekundu. Kidole hujua kama imepondeka. Moja iliyopondeka inatosha kuharibu sufuria nzima, kama vile mlevi mmoja anavyotosha kuharibu matanga. Unazitumbukiza kwenye maji yanayochemka, unazitoa mara moja, ganda linabanduka lenyewe. Mbegu unazitoa kwa kijiko, na usizitupe, kwani mbegu hizo ndizo nyanya za mwakani. Kisha unapika juu ya mbabula, jiko letu la makaa, yenye makala ya kutosha, chumvi kidogo, ukikoroga bila kukaa. Ukikaa, itaungua chini, na harufu ya kuungua haina dawa. Nimeona watu wakitia sukari, wakitia pilipili, wakitia maombi. Haitoki.

Sosi iko tayari ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi kidogo kabla haijazibika. Maman Nsimire alisema njia ile iwe kama njia ya mtu anayepita sokoni: anapita, watu wanafunga nyuma yake. Nikiwa mzee hivi bado naitafuta njia ile kila ninapokoroga.

Chupa nazo tulizisugua kwa majivu na mchanga, tukazipanga katika pipa lililokatwa nusu, na kati ya kila chupa na mwenzake tukaweka matambara na majani ya migomba. Chupa zikigusana ndani ya maji ya moto hupasuka. Nilimuuliza kwa nini. "Ziko kama bake-wenza," akanijibu, "moto ukiongezeka, zinagombana." Unamimina kitu cha moto ndani ya chupa ya moto. Cha moto ndani ya chupa baridi, utaokota vipande. Halafu unaziba, unayeyusha mshumaa na kumimina juu ya kizibo ili hewa isipite.

Vizibo vya chuma vilikwisha kupotea zamani. Lakini kila aliyewahi kuingia kwenye nyumba ya kasiksi huko Bushi, eneo lile lote, anajua chupa inazibwa na nini: gunzi la muhindi, lililokatwa likatoshea mdomo wa chupa. Maman Nsimire alikuwa na kikapu kizima cha magunzi, yamekaa vizuri, yamezoea kazi. Tukayatumia.

Tulikuwa bado kwenye pipa, mvuke ukipanda juu ya ukuta, shefu wa avenyu alipoingia bila kubisha. Jirani alikuwa amemwambia kwamba tunapika kanyanga. Mnaijua kanyanga, ile pombe kali inayotoneshwa kwa mvuke. Enzi ile ilikuwa jambo la kufungwa, na Serikali ilitaka kila mwanamke aitwe sitwayeni, yaani mwananchi.

"Sitwayeni Nsimire! Mvuke, chupa, pipa! Hapa kuko nini?"

"Kuko tomati, shefu."

"Tomati zinapikwa kwa pipa?"

"Onja."

Akapewa kijiko. Akaonja, akafumba macho, akaonja tena ili ahakikishe. Halafu akakunja uso kama mtu mwenye shaka kubwa.

"Mi siwezi kujua vile," akasema. "Bila bugali uchunguzi hauwezi kukamilika."

Furaha akasonga bugali, uchunguzi ukakamilika, na shefu akaondoka na chupa moja ya ushahidi.

Mimi wakati huo nilikwisha kunogewa na nilitaka kuweka kila kitu chupani. Nikawaza: kama nyanya inakubali, mbona parachichi lisikubali? Bagira wakati ule maparachichi yalianguka usiku kucha juu ya mabati mpaka watu wakakosa usingizi. Nikayaponda, nikayapika, nikayatia sukari ya Maman Nsimire, na sukari ilikuwa adimu kuliko mvua ya Julai. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kinanyonga kijiko, na kichungu kama jibu la mkwe. Maman Nsimire hakunipiga. Alikipeleka barabarani, akampa yule dereva wangu wa lori, ambaye alikuwa bado anasubiri tairi, naye akakipakaa kwenye springi za gari. Alisema hazikuwahi kulia tena. Parachichi, wanangu, liwe la kula leo. Kuna vitu vya kuhifadhi na kuna vitu vya kugawia majirani, na nusu ya ufundi ni kujua kipi ni kipi.

Siku hizi mnagandisha vitu kwenye friji. Vizuri. Ila umeme wa kwetu mnaujua, hukatika kama mazungumzo ya watu wanaosengenyana ukiingia. Nimeitwa mara nyingi kuokoa friji iliyolala bila umeme, na kila mara dawa imekuwa ileile: makala, sufuria, mwiko, na usikae.

Turudi Bagira. Siku ya mashangazi ilifika. Maman Nsimire alizitoa chupa zake chini ya kitanda, kwenye giza na baridi, akazipanga salon kwenye meza ya dirishani, nyekundu upande mmoja, njano upande mwingine. Jua la kiangazi likaingia likazipiga. Kwa kweli zilipendeza kuliko altare. Furaha alikuwa amevaa kikwembe kipya. Alinivuta jikoni.

"Tonton," yaani mjomba, aliniita hivyo ingawa tulikuwa rika moja, kwa kunitania, lakini siku ile hakucheka. "Wakikataa, yeye hatarudia kuuliza. Anawaogopa mashangazi zake kuliko askari."

"Wewe unampenda?"

"Amenichongea kiti. Mutu anamuchongea nani kiti?"

Wakaingia. Maman Esther alikuwa mrefu, mkavu, miwani puani. Nyuma yake mdogo wake, Maman Rusi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, cheupe mpaka kiliumiza macho. Wakaziona chupa. Maman Nsimire alisimama kando ya chupa zake kama mama aliyesimama na watoto wake siku ya picha.

"Tusali," Maman Esther akasema.

Alikuwa mtu wa sala ndefu. Akaanza na uumbaji. Jua likazidi kuingia dirishani. Alipofika kwa wagonjwa nikasikia kitu kama mtu anayenong'ona mezani: ssss. Nikafumbua jicho moja. Nta ya mshumaa juu ya chupa moja ya marakuja ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Na wote walio vitandani, Bwana, uwainue..."

Pa! Gunzi likainuka kabla ya wagonjwa. Lilipiga dari, likaanguka kwenye mapaja ya Maman Rusi. Pa! Chupa ya pili ikamwaga jus ya njano, yenye povu, moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe. Ya tatu, ya nne. Ya nyanya haikulipuka. Sosi ilijitokeza polepole, kama mtu mnene anayepita mlango mwembamba, ikateremka mezani ikicheka kwa vipovu. Na nyumba nzima ikajaa ile harufu. Hakuna mtu wa Bushi anayehitaji kuelezwa ile harufu.

Maman Rusi alisimama, marakuja yakimtiririka sikioni.

"Kasiksi!" alisema. "Dada, twende! Hata mu sala! Kasiksi hata mu sala!"

Maman Nsimire aliikumbatia chupa iliyokuwa karibu naye, akaiziba kwa kiganja. Nyuma ya pazia la jikoni nilimsikia Furaha akiweka chini sinia, taratibu sana, kama mtu anayeweka chini jambo zima. Mimi nilitazama mlango. Kwa kawaida jambo likiharibika mimi huwa tayari niko njiani. Safari hii miguu haikukubali.

Maman Esther hakusimama. Aliokota lile gunzi kwenye kiti cha mdogo wake. Aliligeuza, akasukuma miwani juu, akalinusa upande mmoja, akalinusa upande mwingine, akalibonyeza kwa ukucha. Kisha akazungumza, na sauti yake haikuwa ya sala.

"Chupa mulichemsha?"

"Njo, Maman," nikaitikia kwamba ndiyo, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa bado amekumbatia chupa.

"Na magunzi?"

Tukatazamana, mimi na Maman Nsimire.

"Aah! Munachemsha chupa, munaacha magunzi! Gunzi ya kasiksi imekunywa kasiksi miaka yote, haiwezi kusahau. Ukiiweka juu ya kitu cha sukari, inaamka. Unapaswa kuichemsha na majivu, kisha kuikausha juu ya moshi mpaka inakuwa nyeusi. Ao unakata mupya. Hata mutoto mudogo..."

Hapo akaona macho yetu yote yako juu yake.

"Dada," Maman Rusi alisema, kitambaa mkononi, "ile yote unaijua namna gani?"

"Nilisikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa batu."

"Batu gani banaongea juu ya kukausha magunzi ya kasiksi ku kanisa?"

Ningekuwa mimi ningecheka, na harusi ingekufa palepale. Maman Nsimire hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Maman Esther, akamwambia kwa upole, "Maman, Mungu amekuleta. Mi sikujua. Nisaidie."

Maman Esther akamtazama. Nadhani aliona mkono ulionyooshwa, na akaona pia kwamba ni lazima aupokee kwa namna itakayomridhisha mdogo wake. Akachukua glasi, akamimina kilichobaki katika chupa moja, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akakunja uso wote.

"Rusi, keti," akasema. "Hii haiko kasiksi. Hii iko aksida, ajali tupu. Mutu mwenye kujua kupika kasiksi hawezi kufanya kitu kibaya hivi. Onja."

"Mi? Nionje?"

"Basi nusa. Ile iko kasiksi?"

Maman Rusi akanusa, akapiga chafya.

"Umeona. Batu ba Bagira banasema huyu mama alikuwa mupishi mukubwa wa kasiksi. Banasema uongo. Huyu hajui hata kidogo. Si hivyo, Maman Nsimire?"

Wanangu, nimeona watu wakibeba magunia, nimeona watu wakisukuma lori kwenye matope ya Hombo. Sijaona mzigo mzito kama ule. Mbele yangu alikaa mpishi bora wa kasiksi katika Bagira yote, mwanamke ambaye watu walishuka kwenye minibasi kwa ajili yake, anatakiwa akubali kwamba hajui kupika. Shingo yake ilisimama. Pua ikapanuka. Nilidhani atataja wateja wake mmoja mmoja. Pazia la jikoni likatikisika kidogo, akaliona.

"Njo, Maman," alisema, kila neno likitoka kama jino. "Kasiksi... mi sijui kuipika. Ata kidogo."

"Nilijua," Maman Esther akasema. "Furaha! Leta chakula, mutoto wangu. Ile tomati iliyobakia nzima, uipike na sambaza."

"Mutoto wangu" alisema. Sote tulisikia. Sinia lililia huko jikoni, safari hii kwa kuangushwa.

Walikula sambaza zile, dagaa wetu wa ziwani, hadi mifupa, na walipomaliza Maman Rusi aliomba kitambaa chake kiloweshwe. Kabla ya kuaga, Maman Esther akanielekeza kidole.

"Na huyu iko wa nani?"

"Haiko wa mutu," Maman Nsimire akasema. "Alishuka kutazama tairi."

"Kwangu Nyantende tomati zinaozea shambani. Unipe yeye."

Maman Nsimire alinisindikiza mpaka barabarani. Alipoona mashangazi wametangulia, alinishika sikio, si kwa kuliumiza.

"Mutoto wa Bunyakiri. Siku mutu akikuuliza juu ya kasiksi yangu, utamuambia nini?"

"Kwamba ni nzuri kuliko zote, Maman."

"Baada ya harusi," akasema. "Baada ya harusi tu."

Harusi imekwisha kupita miaka mingi, na Furaha ana wajukuu, kwa hiyo leo nimesema.

Tulifika Nyantende jua likizama. Maman Rusi alikwenda kwake kukata shauri na kitambaa chake. Maman Esther akanizungusha nyuma ya nyumba yake, kupita vitalu vya nyanya nilivyovihesabu kwa pua tu, mpaka kwenye kibanda cha miti na udongo kilichofungwa kwa kamba kuukuu. Akaifungua kwa meno. Ndani hamkuwa na dirisha. Taa ya kibatari ilipowaka nikaona katikati ya chumba gogo kubwa lililochongwa ndani kama mtumbwi, limelainika na kung'aa pembeni kwa kupitiwa na mikono ya miaka mingi. Nikapiga magoti kulishika. Nililinusa.

"Maman," nikasema, "huu ni muvure. Humu ndimo watu wanakamulia ndizi za kasiksi."

"Hapana. Ile iko kitanda."

"Kitanda kina harufu ya ndizi, Maman."

"Basi utaota vizuri." Aliniwekea blanketi na kibuyu cha maji, akatoka, akafunga mlango. Kisha akaufungua tena kiasi cha kuingiza miwani.

"Kijana. Mudogo wangu akikuuliza umelala wapi?"

"Kitandani, Maman."

"Aksanti."

Nikatandaza majani makavu ndani, nikajilaza. Nimelala kwenye maturubai, kwenye magunia ya makala na kwenye vitanda vya watu vyenye springi ndani, na hakuna kilichowahi kunitosha vile, kichwa mpaka vidole. Nikajifunika blanketi nikatulia humo, kama ndizi inayongoja kuiva.